Kete Zinazopotea Njiani: Ubongo wa Mzee na Jibu la “Ni Uzee Tu”

Kila nikienda Pangani hupitia barazani kwa mzee mmoja ambaye mtaa mzima tunamwita babu, hata sisi tusio na undugu naye. Ana miaka 81. Baada ya swala ya alasiri huletewa bao lake, limelainika kwa miaka mingi ya vidole mpaka kingo za mashimo zinang'aa. Namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, kisha ananionyesha mkeka kwa kidevu. Kete zikishaanza kutembea, babu hana maneno.

Asiyelijua bao hudhani ni mchezo wa kupitisha muda. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, nyingine zimekwisha pangwa ubaoni. Unaokota kete za shimo moja, unazitupia moja moja mbele, na ya mwisho ikiangukia penye kete unaziokota zote unaendelea. Ukila za mwenzako unaanza tena kutoka upande wako, mpaka ya mwisho ilale kwenye shimo tupu. Mtaji mmoja unaweza kuuzunguka ubao mara kadhaa, na huku kila shimo unalopita linabadilika hesabu. Fundi anauona mzunguko huo wote kabla hajagusa hata kete moja. Mwaka 1995 Mholanzi Alex de Voogt aliwasilisha tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Leiden juu ya mafundi wa bao wa Zanzibar, akitumia mchezo huu kutafuta mipaka ya akili ya binadamu. Hakukosea mahali pa kutafuta.

Safari yangu ya mwisho, babu alisita katikati ya mtaji. Mkono ulibaki hewani, kete mbili au tatu kiganjani. Alizirudisha, akanigeukia.

“Mjukuu wangu, zamani nilikuwa nazifuata kichwani mpaka zinalala. Siku hizi zinanipotea njiani. Nikifika kona ya pili sikumbuki mkononi nilibaki na ngapi.”

Vijana waliokuwapo walicheka kwa upole, mmoja akasema, “Ni uzee tu, babu.” Babu hakujibu. Akacheza mtaji mwingine, mfupi zaidi, na kabla ya magharibi akawa amemfunga kijana yule yule michezo miwili. Nilimuuliza amewezaje, na hali kete zinampotea. Akasema mkao ule wa ubao ameuona mara nyingi kuliko nywele za kijana yule, haulazimiki kuhesabiwa, unajulikana.

Katika maneno hayo mawili ya babu, kete zinazopotea na mkao unaojulikana, mna karibu kila kitu ambacho sayansi imekigundua kuhusu ubongo unaozeeka. Na katika lile neno la kijana, “ni uzee tu”, mna kosa ambalo linawanyima wazee wetu matibabu kila siku.

Kwa muda mrefu wataalamu wenyewe waliamini kwamba kuzeeka ni kufiwa na seli za ubongo kwa wingi. Mwaka 1955 Mmarekani Harold Brody alichapisha hesabu alizofanya kwa darubini kwenye bongo za watu wa umri mbalimbali, zikaonyesha gamba la ubongo likipoteza seli nyingi mno kadiri mtu anavyozeeka. Habari hiyo ikaingia vitabuni, ikatoka vitabuni ikaingia midomoni mwa watu, na hadi leo utasikia mtu wa miaka 50 akisema seli zake zimekwisha.

Kasoro ilikuwa katika namna ya kuhesabu. Ukikata kipande chembamba cha ubongo ukahesabu seli zilizomo, unapata msongamano, hupati jumla. Ubongo ukitiwa dawa za kuuhifadhi husinyaa, na ubongo wa kijana husinyaa zaidi kuliko wa mzee. Kwa hiyo seli za kijana zinasogeleana na kuonekana nyingi, hali za mzee zimekaa mbalimbali tu. Ni kama kuhesabu watu wa mji kwa kutazama msongamano wa daladala moja.

Njia bora zaidi za kuhesabu zilikuja miaka ya 1980 na 1990. Mwaka 1997 Bente Pakkenberg na Hans Jørgen Gundersen wa Denmark walitoa matokeo ya bongo za Wadenmark 94, kuanzia wenye miaka 20 hadi 90. Gamba la ubongo la mwanamke lilikuwa na wastani wa seli za neva bilioni 19, la mwanamume bilioni 23. Na katika miaka yote hiyo 70, upungufu ulikuwa karibu asilimia 10. Ukipiga hesabu utaona ni kama seli moja kila sekunde, na kwa masikio hilo linatisha. Lakini asilimia 90 zinabaki. Mzee wa miaka 90 anaingia kaburini na karibu seli zote alizokuwa nazo alipooa.

Ubongo mzima, kwa hesabu ya Mbrazili Suzana Herculano-Houzel na wenzake ya mwaka 2009, una seli za neva zipatazo bilioni 86. Mama huyo alizipata kwa kuusaga ubongo mpaka ukawa mchuzi, kisha akahesabu viini vya seli vilivyoelea humo. Hesabu ya bilioni 100 iliyokuwa ikitajwa kila mahali haikuwa na mtu aliyeihesabu hasa.

Basi kama seli zipo, kete za babu zinapotelea wapi?

Jibu zuri kuliko yote ninayoyajua lilitoka Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2011, katika kazi ya Min Wang, Amy Arnsten na wenzao iliyochapishwa kwenye jarida la Nature. Walifanya kazi na kima wa aina ya rhesus, vijana, wa makamo na wazee. Kima anakaa mbele ya skrini. Alama inamulika upande fulani, inazimika. Zinapita sekunde chache skrini ikiwa tupu. Kisha kima anatakiwa ageuze macho pale alama ilipokuwa. Akipatia, anapewa juisi. Wakati huo waya mwembamba kuliko unywele unasikiliza seli moja moja katika sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso.

Ziko seli zinazowaka alama inapoonekana. Hizo, kwa kima kijana na kwa kima mzee, zilifanya kazi vilevile: macho yanaona na habari inafika. Lakini ziko nyingine ambazo kazi yake ni kuendelea kuwaka skrini ikiwa tupu. Ndizo zinazoshikilia kile ambacho hakipo tena mbele ya macho. Katika sekunde zile za kungoja, seli hizi huchocheana, moja inaamsha nyingine, nayo inairudishia, kama watu wanaopokezana mwali wa moto usizimike. Kwa kima vijana zilishikilia barabara. Kwa wazee mwali ulififia. Na jambo lililowashtua wengi ni kwamba kufifia kulianzia kwa kima wa makamo, muda mrefu kabla ya uzee wenyewe.

Hapo nilikumbuka ule mkono wa babu uliobaki hewani. Macho yake yanaliona bao vizuri. Kinachomponyoka ni hesabu ya kete anazozishika kichwani pale zinaposhuka kutoka shimo hili kwenda lile. Ni skrini tupu ile ile.

Watafiti wale walichimba zaidi wakaona sababu. Kila seli ya neva ina vijilango vinavyopitisha chembe za potasiamu. Vikifunguka kupita kiasi, seli hupoa hata kama wenzake wanaiita. Uzeeni kemikali fulani ndani ya seli huachwa bila breki na kuviacha vijilango hivyo wazi. Waliponyunyizia seli dawa inayovifunga, ikiwamo gwanfasini ambayo asili yake ni dawa ya presha, seli za kima wazee zilianza kuwaka tena. Maana yake ni kwamba zilikuwa hai, zimepoozwa tu. Nisimtume mtu duka la dawa: gwanfasini ilipojaribiwa baadaye kwa wazee wenye afya, haikuwaongezea uwezo. Kutoka kwenye seli moja ya kima hadi kwenye kichwa cha binadamu ni mwendo mrefu. Hata hivyo, kujua kwamba seli inayonyamaza si lazima iwe imekufa ni jambo kubwa.

Ukisogea karibu zaidi unakuta badiliko jingine. Seli ya neva ina matawi kama mti, na kwenye matawi hayo kuna vichipukizi vidogo mno ambavyo Mhispania Santiago Ramón y Cajal alivieleza mwaka 1888. Wenzake wengi walidhani ni uchafu wa rangi. Leo tunajua kwamba kwenye vichipukizi hivyo ndipo seli moja inapoisikia nyingine. Viko vya aina kuu mbili. Kuna vinene, vyenye kichwa kama uyoga, vilivyokomaa, vinavyodumu kwa muda mrefu. Hivi vinahusishwa na yale tuliyojifunza yakakaa. Na kuna vyembamba, vinavyochomoza na kutoweka, vinavyobadilika siku hadi siku. Hivi ndivyo vya kujifunzia jambo jipya na kushikilia jambo la sasa hivi. Mwaka 2010 timu ya Dani Dumitriu na John Morrison, katika shule ya udaktari ya Mount Sinai mjini New York, ilivihesabu kwenye bongo za kima. Kima wazee walikuwa wamepoteza karibu theluthi ya vichipukizi katika sehemu ile ile ya mbele, na vilivyopotea vilikuwa vyembamba. Vinene vilibaki.

Hebu urudi barazani. Mkao wa ubao ambao babu ameuona tangu ujana wake umeketi kwenye vichipukizi vinene. Hesabu ya kete za mtaji huu, za leo alasiri, inahitaji vyembamba. Ndiyo maana anaweza kusahau amekunywa kahawa vikombe vingapi, na papo hapo akakusomea mashairi ya jandoni neno kwa neno. Ndiyo maana pia msamiati wa watu huendelea kukua hadi utu uzima mkubwa, wakati kasi ya kufikiri ilianza kupungua zamani. Wazee wetu tuliowaendea kwa maamuzi ya ardhi na ndoa hawakuwa wepesi wa kuhesabu. Walikuwa wameona mambo mengi ya kufanana.

Kuhusu kasi, sababu yake moja iko kwenye nyaya. Seli za ubongo huzungumza kwa nyuzi ndefu zilizovikwa utando wa mafuta uitwao mayelini, unaofanya ujumbe usafiri haraka bila kuvuja. Lisbeth Marner, Pakkenberg na wenzao walizipima mwaka 2003. Ukiziunga nyuzi hizo za mwanamume wa miaka 20 ncha kwa ncha, zinafika kilomita zipatazo 176,000, zaidi ya mara nne ya mzingo wa dunia. Akifika miaka 80 zimebaki kama kilomita 97,000. Asilimia 45 imekwenda. Wanawake huanza na pungufu kidogo, lakini hupoteza kwa kiwango hicho hicho. Kati ya takwimu zote nilizosoma nikiandaa makala hii, hii ndiyo iliyonifanya niweke kalamu chini. Seli zipo, barabara zinazoziunganisha ndizo zinazoliwa na magugu. Unapomuuliza mzee swali akakaa kimya kwa muda, mpe nafasi. Jibu liko njiani, linazunguka kwa njia za kando.

Je, seli mpya huzaliwa? Hapa wanasayansi bado wanashindana. Kikosi cha Jonas Frisén, Stockholm, kilitumia kaboni iliyotawanywa hewani na majaribio ya mabomu ya nyuklia kabla ya mwaka 1963 kama muhuri wa tarehe ndani ya seli, na mwaka 2013 kikakadiria kwamba seli mpya 700 huongezeka kila siku katika kila hipokampasi, ile sehemu ndani ya ubongo inayoandika kumbukumbu mpya. Miaka mitano baadaye timu ya San Francisco ikasema haikukuta seli changa kwa watu wazima. Mimi sioni haja ya kumwahidi msomaji seli mpya. Zile za zamani zinatosha kutushughulisha.

Sasa nije kwenye ugonjwa, kwa sababu hapa ndipo familia nyingi hujikwaa. Mwaka 1901 mwanamke aitwaye Auguste Deter, mwenye miaka 51, alifikishwa kwa daktari Alois Alzheimer huko Frankfurt. Alikuwa hajui yuko wapi, na hata kuandika jina lake mwenyewe kulimshinda. Alipofariki mwaka 1906 Alzheimer aliutazama ubongo wake kwa darubini, akakuta mabonge kati ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani yake. Ule haukuwa uzee, maana umri wenyewe hakuwa nao.

Tofauti hiyo ilikuja kuthibitishwa kwa hesabu. Mwaka 1996 Teresa Gómez-Isla, Bradley Hyman na wenzao mjini Boston walihesabu seli katika sehemu ndogo iliyo kama mlango wa hipokampasi. Kwa watu wenye akili timamu, hesabu ya wenye miaka sitini na kitu na ya wenye tisini ilikuwa sawa, hakuna kilichopungua. Kwa waliokuwa mwanzoni kabisa mwa ugonjwa huo, ambao sasa unaitwa Alzheimer, ambao ndugu zao walikuwa ndio kwanza wanaanza kuona mabadiliko, theluthi moja ya seli zilikuwa zimekwisha kufa, na katika tabaka moja muhimu ilikuwa zaidi ya nusu. Uzee unapunguza sauti ya seli. Ugonjwa unaziua. Hayo ni mambo mawili, na mtu anayesema “ni uzee tu” ameyafanya moja.

Nyumbani tofauti hujitokeza kwa vitu vidogo. Jina la mjukuu kukwama ulimini kisha likaja usiku wakati wa kulala, huo ni uzee. Kwenda sokoni na kusahau bizari, huo ni uzee. Lakini mama aliyepika pilau miaka 50 akasimama mbele ya sufuria asijue kinachofuata. Baba aliyekuwa mfanyabiashara akashindwa kurudisha chenji. Mtu kupotea akitoka msikitini anakoswali kila siku. Swali lile lile kuulizwa mara tano kabla chai haijapoa, naye anakuapia hajauliza: hayo ni ya kupelekwa kwa daktari.

Nami nina la kusimulia. Mama yangu mkubwa, mwenye miaka 76, alianza ghafla kuchanganyikiwa. Ilikuwa siku ya Jumanne. Jumapili alikuwa ameongoza hesabu za kikoba chao bila kukosea hata shilingi. Alimwita binti yake kwa jina la dada aliyekwisha fariki, akakataa kula, usiku akawa anatafuta mbuzi ambao hatujawahi kuwafuga. Kituo cha kwanza tulichompeleka, mhudumu alimtazama kwa dakika mbili, akatuambia tumrudishe nyumbani, umri umekwenda. Hakumpima chochote. Siku mbili baadaye daktari kijana wa mahali pengine alichukua mkojo. Ulikuwa na maambukizi makali. Alitibiwa, na baada ya juma moja alikuwa anauliza nani amechezea daftari lake la kikoba. Akili ya mzee kubadilika kwa saa au siku chache ni dalili ya hatari, mara nyingi maambukizi, upungufu wa maji, sukari kushuka au dawa kugongana. Uzee haufiki Jumanne.

Kwamba dimenshia, yaani kudhoofika kwa akili kunakoletwa na magonjwa kama Alzheimer, ipo kwetu, halina ubishi tena. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na wenzao wa Newcastle, Uingereza, walipita vijijini wakawapima wazee zaidi ya 1,000 wenye miaka 70 na kuendelea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: baada ya kusawazisha umri, 6.4 kati ya kila 100 walikuwa nayo. Wengi hawakuwahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba ni ugonjwa.

Kilichonipendeza ni kipimo kilichotokana na kazi hiyo, kilichotengenezwa kwa ushirikiano na watafiti wa Nigeria. Vipimo vya Ulaya humtaka mzee achore saa au anakili michoro kwa kalamu. Bibi ambaye hakwenda shule, aliyeshika jembe maisha yake yote, atashindwa, na karatasi itasema amepungukiwa akili. Kipimo cha Hai kinamuuliza daraja ni nini. Kinamtaka ataje wanyama wengi awezavyo katika dakika moja, akumbuke maneno aliyosomewa punde, amtaje kiongozi wa kijiji. Kisha mpimaji anapanga vijiti vya kiberiti mezani, anavivuruga, na bibi anavipanga vilevile. Kiberiti kila mtu anakijua. Mikono ile ile iliyokuwa itetemeke na kalamu inapanga vijiti kwa utulivu, na kama kuna tatizo la kweli linaonekana pale pale. Hiyo ndiyo sayansi inayomheshimu mtu anayepimwa.

Pasipo kipimo, jamii hutafuta maelezo yake yenyewe. Mzee anayetembea usiku bila kujua aendako, anayeongea na waliokufa, anayewakana watoto wake, katika kijiji chenye hofu ni rahisi kuitwa mchawi. Kilifi nchini Kenya na mikoa ya Kanda ya Ziwa kwetu Tanzania, wazee wameuawa kwa tuhuma hizo, wengi wao wakiwa watu wa mvi na macho mekundu ya moshi wa kuni. Sina namna ya kuliandika hili kwa ulaini. Kuna wazee waliotakiwa kupelekwa hospitali, wakafuatwa na mapanga.

Yapo ya kufanya, tena mengi hayahitaji mashine za Ulaya. Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mwaka 2024 mambo 14 ambayo yakishughulikiwa yanaweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani. Kwenye orodha hiyo kuna kisukari, sigara, uziwi usiotibiwa, upweke, elimu ndogo utotoni, na kuna presha.

Presha nitaisemea zaidi. Hai hiyo hiyo, watafiti walipowapima wazee wa miaka 70 na zaidi, karibu 70 kati ya kila 100 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa na habari. Ubongo ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula kama moja ya tano ya nishati yote, ikiletwa na mishipa ya damu, mingine myembamba kama uzi wa buibui. Presha huichosha mishipa hiyo kimya kimya, na zile nyuzi zenye mayelini ndizo hukosa chakula kwanza. Utafiti mmoja wa Marekani, uliohusisha watu zaidi ya 9,000 na kutolewa mwaka 2019, ulionyesha kwamba walioshushiwa presha zaidi walipungukiwa na hatari ya upungufu wa awali wa akili kwa karibu asilimia 19. Hakuna mzizi wala kidonge cha kumbukumbu kinachouzwa barabarani chenye ushahidi wa namna hiyo.

Na kutembea. Mwaka 2011 Kirk Erickson na wenzake walitoa matokeo ya wazee 120 wa Marekani. Nusu yao walitembea kwa mwendo wa haraka dakika 40, siku tatu kwa wiki, mwaka mzima. Nusu walifanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu. Hipokampasi za waliotembea ziliongezeka ukubwa kwa asilimia 2. Za wengine zilipungua kwa zaidi ya asilimia 1. Ninapowaona vijana wenye mapenzi wakimkataza bibi kwenda shambani “apumzike”, moyo unaniuma. Wanamnyang'anya dawa.

Hata kwa aliyekwisha ugua, njia haijafungwa. Hai walijaribu vikao vya kuchangamsha akili: vikundi vidogo vya wazee wenye dimenshia, vikao 14 kwa wiki saba, wakizungumza, wakiimba, wakikumbushana kazi na vyakula vya zamani. Akili zao zilipata nafuu, na maisha yao pia, na vikao viliendeshwa na wahudumu wa hapo hapo. Kwa lugha ya pwani ningesema walijengewa baraza.

Babu wa Pangani nilimpima presha mwenyewe kabla sijaondoka, kwa mashine ndogo ya betri niliyoibeba mkobani. Ilisoma 172 kwa 94. Hakuna aliyekuwa amempima tangu mkewe afariki. Wiki iliyofuata mjukuu wake alimpeleka kliniki, sasa anatumia vidonge, na kete bado zinampotea njiani mara moja moja. Kama una mzee nyumbani, mpime wiki hii; haimalizi dakika tano. Na ukimfikisha kwa mganga wa hospitali akakwambia ni uzee tu, usisimame. Muulize amepima nini.